Wanaume Walitoka, Kamera Ikabaki

Utemini, Singida
9 Juni 2003

Mdogo wangu Abdulazizi,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima na unakula, maana ulipokuja mwezi wa tano mama alisema umekonda mpaka suruali inataka kukuaga. Huku hatujambo. Goti la baba limepata nafuu, duka la vitenge anafungua mwenyewe na kugombana na wateja mwenyewe, hataki msaada. Mama anakusalimu na anauliza kama huko Magomeni kuna msikiti karibu, au ndiyo unashinda mbele ya kompyuta mpaka swala zinakupita. Mvua zilikata mapema. Alizeti imejikunja, mtama si haba.

Sasa neno langu. Kanda yetu iko wapi?

Nikukumbushe ulivyosema ukiwa umekaa kwenye jamvi letu na miguu umeinyoosha. Ulisema Kikundi cha Duara kinacheza maigizo vijijini mwaka wa tisa sasa na hatuna hata picha moja ya kuonyesha. Ulisema kamera yako ni ya dijitali, haina kelele, utatufuata siku nne, na baada ya wiki mbili utatuletea kanda tuiweke kabatini. Ukatufuata kweli. Ukala ugali wa watu, ukalalia vitanda vya watu. Leo ni wiki ya tano na sijaona kanda wala salamu ya kanda. Redempta ananiuliza kila tukikutana mazoezini, na mimi nimechoka kulitetea jina lako.

Jambo la pili. Siku ile ya mwisho, kwenye kijiji kile cha mbele ya Issuna, huenda kuna kitu kimeingia kwenye kanda ambacho hakikutakiwa kuingia. Ukikikuta usimwonyeshe mtu. Nitakueleza tukionana. Simu ya dukani usiipige, baba anasikiliza kila neno.

Dada yako,
Radhia Mselemu


Magomeni, Dar es Salaam
2 Julai 2003

Dada Radhia,

Shikamoo. Mwambie mama msikiti uko mtaa wa pili na mimi si mgeni pale. Baba mpe pole zake za goti. Mimi mzima, kazi tu zimenibana. Sasa hivi nina meza yangu na kompyuta yangu, nakata picha na kuunga mwenyewe, bosi ananiita fundi mbele ya wageni.

Kanda ipo, usigombe. Naisafisha sauti, upepo wa huko umeipiga maiki vibaya sana.

Ila dada, usinune nikisema hili. Mnadandia lori la chumvi kutwa nzima, mnacheza mbele ya watu themanini waliokaa kwenye vumbi, na jioni mchezo umekufa. Kesho mnaanza upya. Kila kijiji mwisho wake tofauti, kwa sababu mnamruhusu kila mwenye mdomo aingie acheze. Huku mtu anacheza mara moja tu, anaonekana Mwanza, Tanga, Songea, kwenye kila kibanda chenye deki. Zama zimebadilika. Watu wanataka kitu cha kuweka ndani, wakiangalie wakitaka, wakirudie wakitaka. Bosi ameona vipande vyenu viwili vitatu, akasema kikundi chenu ni mali.

Halafu yule mama aliyekaa kwenye kigoda, yule mwembamba, ni nani? Bosi ameniuliza mara tatu.

Mdogo wako,
Abdulazizi


Utemini, Singida
28 Julai 2003

Abdulazizi,

Mama alitufundisha barua haianzi bila salamu, kwa hiyo salamu. Baba mzima, mama mzima. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikikusikia sauti nitakutukana mbele ya wateja wa vitenge.

Juzi Jumamosi Chrispin, yule anayecheza mume kwenye mchezo wetu, alikwenda mnada wa Ikungi kununua mbuzi. Nje ya kibanda cha video akakuta ubao umeandikwa kwa chaki: MJANE MJANJA, KISA CHA KWELI KUTOKA SINGIDA. Akaingia. Akajiona mwenyewe kwenye TV, anacheza kufa, akacheka na watu. Halafu akaona kitu ambacho hakupaswa kukiona, maana siku ile yeye mwenyewe tulimtoa nje.

Umekaa Dar miaka sita, labda umesahau sisi tunafanya nini. Mchezo wetu hauna mwisho. Tunaucheza mpaka mume anakufa na ndugu zake wanakaa kumzungumzia mjane, hapo Redempta, anayecheza mjane, ananyanyuka na kukiacha kigoda kitupu. Anayetaka anakikalia, anakuwa yeye ndiye mjane, anatuonyesha angefanya nini. Mara ya kwanza tunacheza na watu wote. Mara ya pili ni ya wanawake peke yao. Wanaume wote wanatoka, hata waigizaji wetu, hata mtoto wa kiume akishaacha kunyonya. Bibi mzaa mama alikusimulia na wewe kwamba wanawake wa Kinyaturu walikuwa na shughuli zao ambazo mwanaume hakanyagi. Ndiyo maana huku tukisema wanaume watoke hakuna anayeuliza kwa nini.

Siku ile tulitoa wanaume wote. Kamera yako ikabaki pale kwenye miguu yake mitatu. Tulimtoa mtoto wa miaka mitatu, tukaiacha kamera!

Yule mwembamba anaitwa Hana. Ni mjane kweli. Mumewe, Ignas, alifariki mwaka jana, na shemeji yake Manase anataka kumrithi, yeye na shamba na ng'ombe. Kwenye kigoda Hana alituonyesha alivyomjibu Manase kwamba sawa, tukishavuna, huku amepanga mavuno yakiisha tu awachukue watoto wake wawili akimbilie kwa kaka yake Manyoni. Akamwigiza Manase: anavyotembea, anavyojishika mkanda, anavyokohoa kabla ya kuomba chakula. Wanawake walicheka mpaka wakalala chini. Miaka tisa sijaona mtu akicheza vile, na hakuwa anacheza.

Wewe ukaweka kinanda cha kuliza watu. Ukaisimamisha sura yake anapocheka, ukaandika juu yake kwa herufi nyekundu. Yote yaliyofuata ukayatupa. Ukamtupa na mama mkwe wake, bibi kizee aliyenyanyuka kwa fimbo akamjibu Hana kwa Kinyaturu, akamwambia, nenda na wajukuu zangu, zizi nitakufungulia mimi mwenyewe. Bila bibi yule Hana anaonekana tapeli anayewacheka marehemu na ndugu zake.

Sasa sikia matunda ya ufundi wako. Manase akipita Ikungi wanaume wanakohoa. Sokoni wanakohoa, kisimani wanakohoa. Amempiga Hana, amemtoa nyumbani na kanga moja. Watoto, wa kiume miaka saba na wa kike minne, amewapeleka kwa ndugu zake upande wa Tabora na hasemi kijiji gani. Hana yuko hapa Utemini kwa Redempta. Anachambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Unasema mchezo wetu unakufa jioni. Ndiyo, unakufa! Ndiyo kazi yake kufa. Mtu anasema lake, anakung'uta vumbi, anarudi nyumbani, na hakuna wa kumfuata nalo. Wewe uliiacha kamera inawaka ukatoka zako. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanawake, na baba nimemwambia hivyohivyo. Zitoe hizo diski mlizouza madukani, zote.

Radhia


Magomeni, Dar es Salaam
30 Agosti 2003

Dada Radhia,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu barua tatu nilizokuandikia nilizichana. Nilimpigia baba dukani kumsalimia. Akasema, "Abdulazizi yupi?" akakata. Mama nasikia anaumwa kichwa. Mpe pole, kama bado naruhusiwa kutoa pole kwenye nyumba ile.

Diski hazirudi. Bosi alitoa zake, na kabla wino haujakauka Kariakoo walishazinakili, na hao waliozinakili nao wamenakiliwa. Ningekuwa na uwezo wa kuzizoa ningezizoa. Hakuna wa kumwendea, dada, ni sawa na kutaka kurudisha moshi jikoni.

Nimekosa. Nilipoona kile kipande nilijua si cha kuonyesha, wala hukuwa na haja ya kunionya. Lakini bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, na ilikuwa mara ya kwanza ameshika bega langu badala ya kunifokea. Bibi nilimkata kwa sababu anaongea Kinyaturu na bosi alisema watazamaji watachoka. Mimi mwenyewe nilimwelewa nusu. Hilo nalibeba. Nalibeba hata usingizini.

Ila lingine silibebi. Unasema niliiacha inawaka. Mlipotuambia tutoke niliizima kwa mkono wangu, nikatoka na Chrispin, tukakaa nyuma ya ghala na wanaume wenzetu. Muulize. Kitufe chekundu nilikuonyesha wewe siku ya kwanza, kwa sababu uliniuliza. Hakuna mwingine niliyemwonyesha. Kamera haijiwashi, dada.

Abdulazizi


Utemini, Singida
15 Septemba 2003

Abdulazizi,

Salamu zote zimefika. Mama kichwa kimepoa. Baba hataki jina lako litajwe na mimi sina nguvu za kubishana naye.

Hayo ya kitufe sitayajibu leo, kuna makubwa zaidi. Yule bibi, mama yake Manase, amefariki. Aliugua siku nne tu. Kabla ya kufa mwanawe alimuuliza mbele za watu kama alimuunga mkono Hana, naye akasema hapana, sikusema neno. Alikuwa anamwogopa, na mimi simlaumu, alikuwa anakula kwenye sufuria yake.

Baraza la kata litakaa mwezi ujao kusikiliza habari ya watoto. Manase atakwenda na ushahidi. Unajua ushahidi wake ni nini? Diski yako. Ameinunua mnadani, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Ataiweka kwenye TV, wazee watamwona Hana anacheka na kupanga kutoroka, halafu kinanda, halafu basi. Wanawake waliokuwepo wakisimama kusema mama mkwe aliridhia, wataambiwa marehemu mwenyewe alikana.

Kwa hiyo naitaka ile kanda nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, uitie kwenye diski. Nimekwenda kule kwa baiskeli, nimewauliza wanawake mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kama wanakubali yaonekane mbele ya wazee. Wawili walinifukuza. Niliporudi mara ya pili walikubali wote, kwa ajili ya watoto, kwa sharti moja: iletwe yote, hawataki tena za kukatwakatwa. Hana nilipomuuliza alisema, "Mnaniuliza sasa?" Halafu akasema ndiyo.

Usiniambie kanda imepotea. Kama imepotea, usirudi Singida hata kunizika.

Radhia


Magomeni, Dar es Salaam
29 Septemba 2003

Dada,

Shikamoo. Kanda ipo. Bosi alikuwa ameitenga irekodiwe harusi juu yake, nikaitia mfukoni nikashuka nayo ngazi. Kesho akigundua nitajua kama bado nina meza.

Nimeiangalia kwa mara ya kwanza tangu mwanzo kabisa. Siku zile niliisogeza mbele mpaka mchezo unapoanza. Wanaume wanatoka, giza kidogo nilipoizima. Halafu inawaka. Uso wako, dada. Umejaa kioo kizima, unachungulia ile taa nyekundu. Halafu unarudi nyuma, na sauti ya Redempta inauliza, "Hicho kidude kinatuangalia?" Na wewe unamjibu, "Kimezimwa, jamani. Kaeni kwa amani."

Miezi miwili baba ananiuliza Abdulazizi yupi. Wanawake wa vijiji vitatu wananilaani kwa jina. Wewe umekaa Utemini unapokea pole! Umeniandikia kurasa za matusi kwa mkono uleule uliobonyeza. Nimekasirika mpaka nimecheka peke yangu ofisini, watu wakanitazama.

Haya. Ni sekunde ishirini na tano. Nikizitoa hakuna atakayejua, nitaunga vizuri, Hana atatokea moja kwa moja anakaa kigodani. Watoto wa watu watarudi vilevile. Mimi nimeshazoea kulaumiwa. Niambie nikate au nisikate. Diski itapanda basi siku nikipata jibu lako.

Abdulazizi


Utemini, Singida
6 Oktoba 2003

Abdulazizi,

Usikate.

Ulisema miaka tisa na hatuna hata picha moja. Maneno yale yaliniwasha siku nne zote. Mchezo wa kwanza, wanaume wakiwepo, nilimwona Hana anataka kwenda kigodani mara mbili na kurudi, nikajua wakitoka tu atakwenda, na nikajua atakachofanya sitakiona tena maishani. Nikataka kibaki. Wangejua inawaka wasingesema kitu, nikawaambia imezimwa. Hayo tu, sina ya kujipaka mafuta.

Nilikulaumu wewe kwa sababu ulikuwa mbali. Diski ifike kabla ya tarehe ishirini. Mpe kondakta, mimi nitasimama stendi.

Radhia


Utemini, Singida
17 Novemba 2003

Mdogo wangu Abdulazizi,

Asalaam aleikum. Mfungo unaendelea vizuri, mama anafunga ingawa tumemkataza. Baba nilimweleza ukweli mimi mwenyewe, jioni ileile niliyopokea diski stendi. Alikikunja kitenge kimoja mara tatu. Asubuhi akaniambia nikuandikie kwamba Idi unatakiwa nyumbani, na uje na suruali inayokutosha. Nasikia umepoteza meza yako. Pole.

Baraza lilikaa kwenye ofisi ya kata. TV tuliazima, jenereta tuliazima. Manase aliweka yake kwanza, wazee wakatikisa vichwa. Kisha ikawekwa ya kwetu. Wanawake wa mbele ya Issuna walikuwa wamesimama nyuma, kumi na tisa, na Redempta, na Hana kwenye kiti. Uso wangu ukajaa TV nzima. Ukasikika kila neno. Nilikuwa nimekaa mbele na sikugeuka, lakini nilisikia kanga zao zikitikisika, na hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

Manase alivumilia pale Hana anapoiga kikohozi chake. Wazee wawili walikohoa kwa kuzuia kicheko na yeye akaangalia chini. Ila mama yake aliponyanyuka kwa fimbo, akaanza kuongea, Manase alisimama akavua kofia. Bibi anasema, huyu nimemzaa mimi, namjua, hafai kukurithi, nenda na wajukuu zangu, zizi nitakufungulia mimi mwenyewe. Ofisi nzima tulikuwa tunamsikiliza marehemu. Alipomaliza Manase alitaja kijiji walipo watoto kabla hajaulizwa, akatoka, kofia bado mkononi. Mimi namchukia mtu yule, na bado sikufurahi kumwona vile.

Watoto walirudi wiki ya pili. Wa kiume alimkimbilia mama yake. Wa kike alisimama mbali akamwamkia shikamoo, kama mgeni. Wameshaondoka, wako Manyoni kwa mjomba wao. Hana aliaga nyumba nzima ya Redempta, kuanzia mtoto mchanga. Mimi alinipita bila kuniaga.

Mnadani bado wanaonyesha ile yako. Sasa ubao umebadilishwa, wameandika Sehemu ya Kwanza.

Alhamisi tulikwenda kucheza tena, kijiji kingine, mchezo uleule. Nilidhani hawatakuja watu, walikuja. Mara ya kwanza ikaisha vizuri. Redempta akasimama, akawaambia wanaume watoke, wakatoka. Wanawake wakasogea wakaziba duara. Kigoda kiko kitupu na hakuna anayekwenda. Nikauliza, "Tunasubiri nini?"

Redempta akasema, "Tunakusubiri wewe, dada Radhia. Toka."

Nikamtazama nikidhani anatania. Miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nawatoa watu. Nikaokota viatu vyangu, wakanipisha njia, nikatoka. Nilikaa nyuma ya ukuta pamoja na Chrispin na wanaume wa kijiji. Ndani walicheza muda mrefu. Kuna mahali walicheka sana wote kwa pamoja, halafu wakanyamaza, na mpaka leo sijui waliona nini.

Dada yako,
Radhia